Mwezi Niliokataa Kipanya

Kabla sijaona kompyuta hata moja katika duka lile, nilisikia vidole. Vilikuwa nyuma ya ukuta wa plaiwudi, vikienda kama kuku kumi wanaodonoa mahindi kwenye sinia la bati. Vilinyamaza ghafla, vikapumua, vikaanza tena. Nilikuwa wa nne kwenye foleni, barabara ya Jules, Malvern, hapa Johannesburg, na nje magari yalipigiana honi kwenye robot, taa za barabarani, iliyozimika, lakini mimi nilisikia vidole tu. Niliwahi kuwa daktilo, mpiga mashini wa ofisi, kwa hiyo naujua mlio wa mtu anayebahatisha na mlio wa mtu anayejua anakokwenda. Huyu alijua. Na kulikuwa na kitu kilichokosekana. Ule mlio mdogo wa kipanya, tik, tik-tik, unaosikika katika kila ofisi kama mdudu ukutani, haukuwepo kabisa.

Ninyi vijana mtanicheka. Mmezaliwa na vioo mkononi, mnagusa tu na dunia inafunguka. Mnaniuliza, "Gogo, siku hizi njia za mkato za kibodi ni za nini?" Mnaniita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, mimi niliyetoka Bukavu, na jina hilo nalipokea. Swali ndilo ninalolikataa. Nimestaafu, miguu yangu iko juu ya stuli, sina bosi wa kumwogopa, na nitasema ninavyotaka: mtu anayefika kazini akasubiri mshale mdogo utembee kutoka kona moja ya skrini hadi nyingine ameomba ruhusa kwa kitu ambacho hakikupaswa kumpa ruhusa.

Nilikwenda dukani pale kuandikiwa CV. Ilikuwa mwaka 2015, mwaka wa umeme wa zamu. Miezi kadhaa kabla ya hapo nilikuwa napiga pasi ya mvuke katika karakana ya nguo Jeppestown, na pasi ile ikaniangukia kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa uliunga vibaya. Vidole vilibaki vizima, vinacheza, vinagonga, vinashika sindano. Kifundo ndicho kilichokataa kugeuka. Karakana tatu zilikuwa zimekitazama na kunirudisha nje. Nilikuwa na miaka hamsini na nane.

Zamu yangu ilipofika nikapitishwa nyuma ya plaiwudi. Mwenye vidole vile alikuwa mzee mwembamba wa Tanga, kofia ya kufuma kichwani, Mzee Athumani. Mahali ambapo kipanya kingekaa aliweka kikombe cha chai.

"Umefanya kazi gani, mama?"

"Kupiga mashini."

"Ya kushona?"

"Ya kuandika. Miaka kumi na sita, ofisi ya shule, Bukavu."

Akaacha kuandika. Akaniangalia kwanza usoni, halafu vidoleni, hakushughulika na kifundo. "Na sasa unaniletea mimi nikuandikie? Huoni aibu?"

"Sijui hizi kompyuta zenu za kipanya. Mkono hautaki."

"Nani kakwambia ni za kipanya?" Akasogeza kikombe kidogo, kama mtu anayemwonyesha mgeni kiti kilichojaa. "Mimi nilianza katika ofisi ya mizigo, skrini nyeusi, maandishi ya kijani. Kipanya kilikuwa hakijazaliwa. Kilipokuja wakatuambia ndiyo maendeleo. Nikakijaribu siku mbili, nikaona kinanichelewesha, nikakiweka kwenye droo. Hebu kaa."

Ndivyo nilivyokaa kwenye kiti ambacho sikukiomba. Mwenye duka akanikuta hapo jioni. Tulimwita Patron, mtu wa Lubumbashi, mpana, mcheshi mbele ya wateja na mkali nyuma yao.

"Mzee, huyu maman ni nani?"

"Mwandishi wako mpya. Pasi ya karakana ilimvunja kifundo, vidole ni vizima. Mimi macho yananichoka."

Patron akauinua mkono wangu kwa vidole viwili, kama anakagua samaki sokoni. "Mkono njo huu? Maman, huu haiko mkono. Huu ni kona ya barabara."

"Kwenye kona ndiko watu wanakofanyia biashara, Patron."

Alicheka, lakini hakulainika. "Bon. Mwezi moja. Ijumaa ya mwisho ya mwezi nitakaa hapa nikuangalie. Kama hujui kushika kipanya sawa na watu wote, unarudia kwa pasi yako."

"Na kama nitafanya kazi yote bila kipanya?"

"Haiwezekani, maman."

"Basi tuseme mwezi mmoja."

Niliongea kwa kiburi tupu. Pasi ya kurudia haikuwepo. Nilikuwa nimeshapita kila mlango ninaoujua kati ya Jeppestown na Malvern, na kile kiti cha plastiki nyuma ya plaiwudi kilikuwa kazi ya mwisho mjini iliyokubali mkono kama wangu.

Sasa sikilizeni alivyonifundisha, kwa sababu hamtafundishwa hivi mahali pengine. Siku ya kwanza hakunionyesha njia yoyote ya mkato. Alifunika kibodi kwa kitenge changu akaniambia niingize mikono chini. "Tafuta F na J. Zina vinundu." Nikapapasa, nikavipata, vidogo kama punje za ulezi. "Hapo ndipo nyumbani. Ukipotea, rudi hapo. Usiangalie chini. Ukiangalia chini umekuwa mtalii."

Halafu akanipa Ctrl na S, ya kuhifadhi. Alitaka niibonyeze kila nikiweka nukta. Si kila ukurasa, kila nukta. "Mpaka iwe kama kumeza mate. Mtu hakumbuki kumeza mate." Katika mji ambao umeme ulikuwa unaondoka bila kuaga, nawaambia, nukta zangu ziliokoa barua nyingi kuliko maombi ya wenye barua.

Alt na Tab ikanipa uwezo wa kuruka kutoka dirisha hadi dirisha bila kumwomba mtu njia. F2 ya kubadilisha jina la faili. Ctrl na F ya kutafuta neno katika kurasa arobaini za mkataba wa nyumba. Kila siku aliniruhusu njia mbili tu. Nilipoomba ya tatu alinigonga begani kwa kibodi cha zamani, kwa upole. "Mlafi. Hizo mbili zimeshaingia kwenye damu? Bado ziko kichwani. Kichwani hakuna faida." Na hilo ndilo kosa lenu, vijana: mnapakua orodha ya njia mia moja, mnaibandika ukutani, na kesho mkono wenu uko palepale kwenye kipanya.

Nilifanya kosa pia, kosa la kwetu hasa, ambalo Mzulu wa Malvern asingeweza kulifanya hata akitaka.

Mwajua, Kongo tulijifunzia kibodi cha Kifaransa. Herufi nyingi zinakaa sawa na hizi za hapa, lakini chache zimehama. Pale Bukavu ilipokuwa Z, hapa Johannesburg pana W. Jambo dogo, mtasema. Sasa Ctrl na Z ndiyo njia ya kufuta kosa ulilofanya hivi punde. Na Ctrl na W hufunga dirisha zima, bila hata kukuuliza hali.

Wiki ya pili alikuja Mama Odette, Mrundi, fundi wa mikoba ya vitenge. Nafasi za meza zilikuwa zimetangazwa kwenye soko moja Newtown, na maombi yalikuwa ya kwenye intaneti tu, kurasa sita. Alikuwa akiuza kwenye kipande cha turubai kando ya barabara, anakunja kila mvua ikidondoka. Meza yenye paa, kwake, ilikuwa ni kuwa mtu mzima mbele ya mji.

Tulijaza kurasa nne kwa dakika kumi. Alikuwa ameinama begani kwangu, anafurahi. "Ewe, mama, unaandika kama unakimbizwa!" Nikafika kwenye mwaka wa kuzaliwa, nikakosea tarakimu. Nikataka kufuta. Kidole kikaenda kulipozoea kwenda kwa miaka kumi na sita.

Skrini ikawa tupu.

Nyuma yangu Mzee Athumani akapaza sauti, "Ctrl, Shift, T! Irudishe!" Nikabonyeza. Ukurasa ukarudi kweli, lakini kila kisanduku kilikuwa cheupe, kama nyumba iliyohamwa. Nikaanza upya jina lake, nikafika herufi ya tatu, na hapo zamu ya Malvern ikafika na umeme ukakatika.

Mama Odette alisimama kwenye giza lile la mchana. "Umenifuta," aliniambia. Hakupiga kelele. Kisha akamwendea Patron. "Nitarudi siku nyingine. Lakini huyu mama asiguse tena karatasi yangu. Nitaandikiwa na wewe mwenyewe."

Patron akaniangalia juu ya bega la Mama Odette, akainua vidole viwili. Wiki mbili zimebaki.

Sikulia. Ninasema hivyo kwa sababu mtu mwingine angewadanganya kwamba alilia kisha akapata nguvu. Nilikasirika. Mzee akaniambia, "Mama Neema, wewe umevuka mpaka. Vidole vyako havijavuka. Viko Bukavu bado." Akataka kuninunulia vibandiko vya herufi. Nikamkatalia.

"Basi visahau vya Bukavu," akasema.

"Hilo pia sitaki. Miaka kumi na sita niitupe kwa sababu ya herufi tano? Vitakuwa na nyumba mbili, kama watu wote wa huku."

Akafikiri, akasukuma kofia nyuma. Halafu akanionyesha njia ambayo hata yeye alikuwa haitumii: Alt ya kushoto na Shift. Ukibonyeza hizo, kompyuta inabadilisha kibodi, kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa na kurudi, na kwenye kona ya chini unaona herufi mbili zinazokwambia uko upande gani. Kuanzia siku ile, vyeti vya ubatizo na barua za Kifaransa, zenye alama zake juu ya herufi, nilizipiga kwa vidole vya Bukavu. Fomu za hapa nikazipiga kwa vidole vya Joburg, na kila asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, nikaandika Z chini ya kitenge mara mia mbili, kushoto chini, kushoto chini, mpaka kidole kikawa kinakwenda huko hata usingizini.

Sasa mcheke. Siku moja nilimaliza cheti cha Kifaransa kwenye kompyuta ya mbele, ya wateja, nikaondoka kunywa maji, na nikasahau kurudisha kibodi. Mchungaji mmoja wa Kikongo, mtu wa suti ya zambarau, akakaa pale kufungua barua pepe yake. Akaandika nenosiri. Ikakataa. Akaandika tena, polepole, akitaja kila herufi kimoyomoyo. Ikakataa. Mnajua nenosiri halionekani, ni vinukta vyeusi tu, na vinukta havisemi kwamba A yako imegeuka Q. Mara ya tatu ikamfungia nje kabisa.

"Patron!" akasimama. "Katika mashini hii kuna roho inayobadilisha neno langu!"

"Hapana, Mchungaji, pengine umesahau."

"Nisahau? Ni jina la mke wangu!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mzee Athumani akajificha nyuma ya plaiwudi, nikasikia anakohoa ili asicheke. Nikaenda, nikabonyeza Alt na Shift, nikamwambia asubiri robo saa ajaribu tena. Roho ikatoka. Mchungaji akanitazama kama mimi ndiye niliyeileta, na haki ya Mungu alikuwa sahihi. Tangu hapo sikuwahi kuinuka kwenye kiti bila kutazama ile kona ya chini. Jifunzeni kwa Mchungaji, ni bure.

Patron hakucheka. Aliniita pembeni jioni. Kumbe si Mchungaji tu. Mteja mwingine, mlinzi, alikuwa amemlalamikia kwamba ninaficha madirisha: anaona skrini inarukaruka, haoni mkono ukisogea, anadhani namwibia siri zake.

"Maman, minakuambia vizuri. Watu wanataka kuona mkono unafanya kazi. Weka mkono juu ya kipanya. Hata usikitumie. Weka tu."

"Nifanye sinema?"

"Eeh! Fanya sinema. Ukifanya sinema, hata Ijumaa sitakuangalia. Unabaki. Imekwisha."

Ndugu zangu wadogo, hapo ndipo mwezi ule ulipoamuliwa. Alikuwa ananipa kiti. Bei yake ilikuwa mkono mmoja uliolala juu ya kipande cha plastiki, ukijifanya. Nilihesabu chakula cha nyumbani, nilimfikiria binti yangu Neema na karo ya wajukuu. Kisha nikakumbuka karakana tatu zilizokitazama kifundo changu na kuona kifundo tu. Nikikubali kujifanya, na mimi pia nitakuwa nimekiona kifundo tu.

"Hapana, Patron. Utaniangalia Ijumaa."

"Una kichwa kigumu."

"Kichwa kiko sawa na mkono."

Ijumaa ya mwisho ilifika. Umeme ulikuwepo. Saa tisa alasiri Patron alivuta kiti chake hadi kwenye kompyuta ya mbele, akavua koti akalitundika kwenye kiti, akaweka simu mezani, tayari kunikagua. Kabla sijaketi akaingia Mama Odette, jasho usoni, bahasha kwapani.

"Patron, maombi yanafungwa leo saa kumi kamili. Nilikuwa na mtoto hospitali wiki nzima. Niandikie."

"Mama Neema yuko tayari."

"Sikusema yeye. Nilisema wewe."

Patron akaniangalia na tabasamu la mtu aliyeshinda bila kucheza. "Simama kando, maman. Angalia kazi inafanywa namna gani."

Nikasimama kando. Nikaangalia. Na nawaapia sikumwombea mabaya, kwa sababu ile fomu ilikuwa ya Odette. Patron aliandika kwa vidole viwili. Kila kisanduku alikifuata kwa kipanya: anaacha herufi, anashika kipanya, anatafuta mshale uko wapi, anaubofya, anarudi kwenye herufi. Kurasa sita. Saa tisa na nusu alikuwa kwenye ukurasa wa pili. Odette alikuwa anang'ata ukosi wa blauzi yake.

Kwenye ukurasa wa tatu akachagua nchi ya kuzaliwa kutoka kwenye orodha. Burundi. Vizuri. Kisha akataka kushuka chini ya ukurasa, akazungusha lile gurudumu dogo la kipanya. Nami nikaona. Hamuwezi kuona jambo hili kama hamjapanda na kushuka fomu mia: orodha ilikuwa bado imeshikwa, kwa hiyo gurudumu halikuzungusha ukurasa, lilizungusha nchi. Kimya kimya. Patron akazungusha tena, ukurasa ukashuka, akaendelea.

"Patron, rudi juu. Nchi imebadilika."

"Maman, nilisema uangalie, sikusema uongee."

"Imebadilika. Rudi juu uone."

Odette akainama, akasoma herufi moja moja. "Kambodia. Kambodia ni wapi?"

"Asia," Mzee Athumani akajibu kutoka nyuma ya plaiwudi.

"Mana yanje, Mungu wangu! Nimevuka mipaka mitatu na mtoto mgongoni, lakini huko sijafika!"

Watu watatu wa kwenye foleni wakacheka, kisha wakanyamaza, kwa sababu saa ya ukutani ilisema kumi kasoro dakika kumi na nane. Patron akarudi juu, mshale ukapita orodha, akabofya pembeni, akabofya tena. Shingo yake ilikuwa imelowa. Nilimwona jinsi alivyoshika kile kipanya, kwa nguvu, kama mtu anayeshika mkono wa mtoto kwenye barabara kubwa.

"Nipe kiti, Patron," nikasema.

"Katika duka langu?"

"Katika duka lako."

"Huyu mama amekukataa wewe kwa mdomo wake mwenyewe!"

Tukamwangalia Odette, wote wawili. Alikuwa na haki ya kunikataa mara mbili. Aliitazama saa, akanitazama mkono, si kifundo, vidole. Pengine alikuwa anakumbuka zile kurasa nne za dakika kumi. Pengine alikuwa anakumbuka skrini tupu.

"Patron," akasema, "simama."

Alisimama. Nikaketi, nikakisukuma kipanya mpaka ukingoni mwa meza, nikatazama kona ya chini: Kiingereza. Nikapapasa vinundu viwili. Tab mpaka kwenye nchi, nikaandika b, u, r, u, Burundi ikaja yenyewe. Tab. Tab. Kwenye visanduku vya kuweka alama nikabonyeza kitufe cha nafasi, alama zikaingia. Nilipopita kimoja, Shift na Tab ikanirudisha hatua moja nyuma. Maelezo ya mikoba yake nilikuwa nayo katika faili nililolihifadhi kutoka mara ile ya kwanza, kwa sababu baada ya kumfuta nilikaa nikayaandika upya kwa kumbukumbu, endapo angerudi. Nikalifungua, Ctrl na A kuyachagua yote, Ctrl na C kuyanakili, Alt na Tab kurudi kwenye fomu, Ctrl na V kuyabandika. Odette aliona maneno yake mwenyewe yanatua kwenye ukurasa na akashika mdomo.

Yalitua mahali pabaya. Niliyabandika kwenye kisanduku cha anwani, na anwani ikafutika chini yake.

Zilibaki dakika sita. Nyuma ya plaiwudi vidole vya Mzee Athumani vilinyamaza. Nilijua anasikiliza kidole changu kimoja kitakwenda wapi. Ctrl ilikuwa imeshabonyezwa. Kule juu kulikuwa na Bukavu, ofisi ya shule, dirisha la ziwa, miaka kumi na sita ya kuzoea. Kidole kikashuka. Kushoto, chini.

Anwani ikarudi.

Nikavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu nikae. Tab, bandika, Tab, tarehe, Tab, nafasi, Enter. Kiduara cha kusubiri kikazunguka, kikazunguka, skrini ikaleta mstari wa kijani: maombi yamepokelewa. Ctrl na P. Printa ikakohoa ikatoa karatasi, na Mama Odette akaichukua ikiwa bado moto, akaibana kifuani, kisha akanishika kile kifundo kwa mikono yote miwili, mahali penyewe palipopinda, ambapo watu huogopa kugusa.

Mwanamke wa kwanza kwenye foleni akasogea mbele na bahasha yake. "Mimi nataka huyu mama."

"Na mimi," akasema aliyekuwa nyuma yake.

Nikamgeukia Patron. Alikuwa amesimama katikati ya duka lake kama mteja aliyesahau alichokuja kununua.

"Leo ni Ijumaa ya mwisho," nikamwambia. "Umeniangalia?"

"Nimekuangalia."

"Sikukishika."

"Nimeona, maman. Sina upofu."

"Basi sema mbele ya watu. Jumatatu naja au siji?"

Foleni ilikuwa inamtazama. Mzee Athumani alikuwa ametoa kichwa nje ya plaiwudi, kofia imekaa upande. Patron akachukua koti lake kwenye kiti nilichokalia, taratibu, ili asiniguse bega, akalivaa mkono mmoja mmoja. Akasema anakwenda spaza, kile kiduka cha mtaani, kununua airtime ya simu. Simu yake ilikuwa bado mezani, karibu na kiwiko changu.

"Saa mbili asubuhi," akasema bila kugeuka. "Usichelewe." Na mlango ukafungwa nyuma yake.